Kengele ya mlango yataka transfoma: namna ya kuichagua na kuifunga

Sisi watu wa Pwani kengele yetu ya asili ni sauti. Mgeni husimama mlangoni akapiga hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Ada hiyo ingali hai kutoka Tiwi hadi Vanga. Lakini nyumba zimebadilika. Ukipita Diani siku hizi waona kuta ndefu na mageti ya chuma, na nyumba yenyewe iko mbali nyuma ya miti. Ukunda kuna ghorofa za kupangisha, mpangaji yuko juu na mlango wa kuingilia uko chini. Hata Msambweni watu wamejenga kuta. Hodi haifiki. Ndipo watu wanaponiita mimi, fundi wa stima, niwafungie kengele.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Fundi, kwani kengele nayo yataka transfoma? Si kuna stima ukutani?" Nimeona niandike jibu lake mara moja kwa urefu, kwa sababu jibu hilo ndilo linalotenganisha kengele na mtego.

Kazi ya transfoma

Stima ya Kenya Power hufika nyumbani ikiwa na volti 240, na mkondo wake huenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde. Kengele ya waya haihitaji nguvu hizo. Nyingi hutumia volti 8, 12, 16 au 24. Transfoma ndiyo inayoshusha 240 hadi kiwango hicho.

Ndani yake mna koili mbili za waya wa shaba zilizozungushiwa chuma. Koili ya kwanza hupokea volti 240. Ya pili haigusani na ya kwanza kabisa, bali nguvu hupita kati yao kwa sumaku. Kwa hivyo transfoma hufanya mambo mawili kwa pamoja. Hushusha volti, na pia hutenga upande wa kengele na stima ya ukutani. Mtoto akibonyeza kengele getini kwa mkono uliorowa, miguu yake ikiwa matopeni, kitu kilicho mbele yake ni volti chache zisizo na njia ya kupita mwilini mwake kwenda ardhini. Huo utengano ndio usalama wenyewe.

Sasa, madukani kuna kengele nyengine za bei rahisi zisizo na transfoma. Hizo hutumia volti 240 moja kwa moja, na kibonyezo chake hubeba volti hizo hizo. Zimetengenezwa kwa matumizi ya ndani, ukutani, mahali pakavu, kama swichi ya taa. Shida huanza pale mtu anapochukua kibonyezo hicho cha ndani akakifunga kwenye nguzo ya geti, mvua na umande vinampiga.

Nimekikuta kibonyezo cha namna hiyo kwenye nyumba ya kupangisha Ukunda, masika yakiwa yameanza. Maji yalikuwa yameingia nyuma ya kifuniko. Nilipoweka mita kati ya skrubu ya kifuniko na ardhi ilisoma zaidi ya volti 100. Wapangaji walikuwa wamekwisha kujua, kwa hivyo walibonyeza kwa ncha ya kijiti kilichowekwa pale pale juu ya ukuta. Watoto walikuwa wameugeuza mchezo wa kuona nani jasiri. Mwenye nyumba aliponiuliza kwa nini nataka kuing'oa, akaniambia, "Fundi, hii imefanya kazi miaka minne." Kweli imefanya kazi. Kulia kwa kengele hakuonyeshi kuwa ni salama. Taa huwaka vizuri tu juu ya waya uliochubuka, mpaka siku mtu atakapougusa.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja: kibonyezo kikiwa nje, kengele iwe ya transfoma. Sifungi vyengine.

Soma kengele kabla ya kununua transfoma

Watu wengi hununua transfoma kwanza kisha wakatafuta kengele ya kufaa. Fanya kinyume chake. Geuza kengele, soma kibandiko au kitabu chake, uandike mambo matatu.

La kwanza ni volti. Kengele za kugonga za mtindo wa Uingereza, zenye kinyundo na vibao viwili vya chuma, mara nyingi hutaka volti 8. Za mtindo wa Marekani hutaka 16. Kengele za kamera, zile zinazokuonyesha mgeni kwenye simu, nyingi huandikwa volti 16 hadi 24. Transfoma ikitoa chache mno, kengele itanong'ona au kamera itazimika. Ikitoa nyingi mno, koili ya kengele itaungua.

La pili ni nguvu, ambayo kwenye kibandiko huandikwa VA. Hizo ni volti ukizidisha kwa ampea. Kengele ya volti 8 inayokula ampea 1 inataka VA 8. Hapa hesabu haiogopeshi. Transfoma ya VA kubwa kuliko mahitaji haidhuru kengele, kwa kuwa kengele huchukua inachohitaji tu. Transfoma ya VA ndogo ndiyo itakayopata joto na kuchoka. Kengele ya kugonga hula stima sekunde moja mtu anapobonyeza, kisha hunyamaza, hivyo VA 8 humtosha mwenye nyumba ndogo. Kengele ya kamera hula usiku na mchana, na usiku taa zake za kuonea gizani huongeza mahitaji. Kwa kamera mimi huchukua VA 30 au 40, mradi kitabu cha kengele kinaruhusu.

La tatu ni aina ya mkondo. Transfoma hutoa mkondo wa AC. Adapta ya rauta au ya king'amuzi cha televisheni hutoa DC, hata kama imeandikwa volti 12 kama kengele yako. Kengele nyengine hupokea zote mbili, nyengine hukataa, na nyengine huharibika. Kibandiko kikisema AC pekee, usilete adapta iliyobaki kabatini.

Ukiwa dukani, Ukunda au Mombasa, omba transfoma ya kengele kwa jina hilo. Ile ninayoipenda ni ya kubana kwenye reli ndani ya sanduku la breka. Nyingi zina matundu ya kuchagua volti, 8, 12 au 24, hivyo ukibadilisha kengele kesho huna haja ya kununua nyengine. Angalia kibandiko kioneshe volti za kuingia 220 hadi 240, mizunguko 50, volti za kutoka, na VA. Tafuta alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwengine, maana yake ina kinga maradufu. Ikiwa na namba IEC 61558-2-8, hicho ni kiwango cha kimataifa cha transfoma za kengele. Transfoma ya namna hiyo imeundwa ili nyaya za kengele zikigusana, au kibonyezo kikikwama, isilete moto. Transfoma isiyo na maandishi yoyote iache hapo hapo juu ya kaunta, hata ikiwa ya bei ya kutupa.

Kengele iliyotoka ng'ambo

Wengi wetu tuna jamaa nje, nao hutuletea zawadi. Siku hizi zawadi mojawapo ni kengele ya kamera pamoja na transfoma yake ndani ya boksi. Hapa pana hatari inayojirudia.

Marekani stima ya nyumbani ni volti 120, mizunguko 60. Transfoma ya kule ukiiunga na volti zetu 240, koili yake hupokea maradufu ya ilichoundiwa. Chuma chake hushiba sumaku, mkondo hupanda ghafla, na waya huungua. Kabla ya kuungua, kile kilichokuwa volti 16 hutoka karibu 32, na kamera hufa pamoja nayo. Nimeitwa Diani nyumba ambapo jambo hili lilitokea usiku. Transfoma ilikuwa juu ya dari, karibu na makuti. Ilikuwa bahati kwamba breka ilikata mapema. Dari ilikuwa na doa jeusi la upana wa sahani.

Dawa ni rahisi. Kamera yenyewe ya Marekani mara nyingi haina neno, kwa sababu nyingi hukubali mizunguko 50 na 60. Iliyo mbaya kwetu ni transfoma. Iweke kando, ununue ya hapa yenye kuingia volti 240 na kutoka kati ya 16 na 24, uifunge kamera kwa hiyo.

Transfoma iliyotoka Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu hufaa, kwa kuwa huko stima ni ya kiwango cha kwetu, mizunguko 50. Ya Saudia iangalie vizuri. Kule mizunguko ni 60, na transfoma iliyoandikwa 60 peke yake hupata joto kupita kiasi ikitumiwa kwa 50. Ikiandikwa 50/60, haina tatizo.

Umbali wa geti

Waya mrefu hula volti. Watu hushangaa kengele iliyolia vizuri mezani inakataa ikifungwa getini, wakailaumu transfoma. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme geti liko mita 40 kutoka kwenye nyumba. Mkondo huenda na kurudi, kwa hivyo njia ni mita 80. Waya mwembamba wa simu au wa mtandao una upinzani wa karibu omu 7 kwa urefu huo. Kengele ikitaka ampea 1, volti 7 zingeliwa njiani. Transfoma ya volti 8 imebaki na nini? Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.5 una karibu omu 3, nao hula volti 3 kati ya 8, na kengele hulia kinyonge. Waya wa milimita za mraba 1.5, ule ule wa taa za nyumbani, una omu 1 tu, nao hula volti moja. Huo ndio wa kutumia. Na iwe shaba tupu. Kuna nyaya za rangi ya shaba ambazo ndani ni alumini. Upinzani wake ni mkubwa zaidi, na hewa yetu ya chumvi huzila upesi zikikatwa.

Njia nyengine ni kuchagua kengele ya volti 24. Nguvu ile ile ikipita kwa volti nyingi, ampea hupungua na hasara ya njiani hupungua pia.

Kumbuka pia stima yenyewe haitulii. Vijiji vilivyo mwisho wa laini hupata jioni volti chini ya 240. Zikishuka hadi 200, transfoma ya volti 16 itatoa karibu 13, na kamera inayotaka 16 itazimika saa ile ile ya magharibi unayoihitaji. Kwa nyumba kama hizo mimi huchagua transfoma ya volti 24 kwa kamera iliyoandikwa 16 hadi 24. Lakini pima kwanza. Transfoma ndogo ikiwa haina mzigo hutoa volti zaidi ya zilizoandikwa, hivyo usishtuke ya 8 ikisoma 11. Pima tena kengele ikiwa imeungwa, na hakikisha haipiti kiwango cha juu cha kamera.

Mahali pa kuiweka

Mahali bora ni ndani ya sanduku la breka, ikiwa nafasi ipo. Pakikosekana, tumia kisanduku chake mwenyewe chenye kifuniko, ukutani, mahali pakavu panapofikika bila ngazi ndefu. Transfoma huwa vuguvugu saa zote, hiyo ni kawaida yake. Ikiwa huwezi kuweka kiganja juu yake, kuna kasoro.

Usiifiche ndani ya plasta. Usiiweke juu ya boriti za dari karibu na makuti, kwa maana makuti makavu hayangoji cheche mbili. Usiiweke nje kwenye nguzo ya geti, kwani hapo utakuwa umepeleka volti 240 kule kule tulikokuwa tunazikimbia.

Kibonyezo kiwe cha nje, chenye alama IP54 au zaidi, maana yake kinazuia vumbi na maji ya kurushwa. Skrubu ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Upepo wa kusi huleta chumvi mpaka ndani ya kabati, seuze getini. Paka vaselini kidogo kwenye ncha za nyaya za kibonyezo, na toboa kitundu kidogo chini ya kisanduku chake ili maji yakiingia yatoke. Nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki, si juu ya mti. Tumbili wa Diani hawaachi kitu kinachoning'inia.

Hatua za kufunga

Upande wa volti 240 ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA. Sheria ya Kawi ya 2019 inataka hivyo, na Kenya Power haiwajibiki kwa nyaya zilizo upande wako wa mita. Hata hivyo mwenye nyumba ajue hatua, ili amsimamie fundi wake.

Kwanza, zima swichi kuu, kisha breka husika, na umwambie kila aliye nyumbani asiiguse. Pima kwa mita kuhakikisha hakuna stima. Testa ya bisibisi peke yake haitoshi.

Pili, tambua nyaya. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Za sasa laivu ni kahawia na nyutro ni samawati. Usiamini rangi, pima, kwa sababu huwezi kujua aliyefunga alikuwa na nyaya gani mkononi siku ile.

Tatu, unga laivu na nyutro kwenye upande wa transfoma wa kuingilia, kupitia breka ya ampea 6. Upande huo huandikwa 230 au 240, au PRI. Ukiubadilisha ukapeleka stima upande wa kutokea, transfoma haitaishi dakika.

Nne, upande wa kutokea, waya mmoja uende moja kwa moja kwenye kengele. Waya wa pili uende kwenye kibonyezo, na kutoka kwenye kibonyezo urudi kwenye tundu la pili la kengele. Basi. Kibonyezo ni daraja tu linalofunga njia. Kengele ya kamera hufuata mpango huo huo, ila yenyewe hukaa mahali pa kibonyezo. Soma kitabu chake uone kama inakubali kengele ya ndani uliyonayo au inataka kifaa kidogo cha kuunga pale.

Tano, usiunge upande wa kutokea na nyutro wala na waya wa ardhi, na usizipitishe nyaya za kengele kwenye bomba moja na nyaya za volti 240. Mchubuko mmoja ndani ya bomba hilo utazipandisha nyaya za getini hadi 240, na hakuna atakayejua.

Sita, funika kila kitu, washa, pima volti za kutoka, kisha bonyeza.

Kengele ikikataa

Anza kwenye transfoma. Ikiwa haitoi volti, angalia breka, kisha tokeni. Usicheke, nimewahi kuitwa mara si moja nyumba ambayo uniti zimekwisha. Ikiwa inatoa, nenda kwenye kibonyezo, ugusishe nyaya zake mbili zile za volti chache. Kengele ikilia, kibonyezo kimeliwa na chumvi, kibadilishe. Isipolia, waya umekatika njiani au kengele imekufa. Kengele ikivuma bila kukoma, kibonyezo kimekwama.

Kuhusu gharama ya stima, transfoma inayokula wati 2 saa zote humaliza karibu uniti 17 na nusu kwa mwaka mzima.

Ninalowaomba wenye nyumba za kupangisha, hasa Ukunda na Diani, ni jambo moja. Kabla ya masika, nendeni getini na fundi mwenye mita. Mkikuta kibonyezo kina volti 240, kizimeni siku hiyo hiyo, kabla ya kwenda dukani. Wapangaji wapige hodi wiki moja, hawatakufa kwa hilo. Na nyinyi wapangaji, mkiona watu wanabonyeza kengele kwa kijiti, msikizoee kijiti. Semeni.